Malalamiko Kuhusu Gari la Baba na Upepo Usio na Adabu

Kutoka: Chumba cha mbele, nyumbani kwa Mama, kwenye cherehani.

Kwa: Mheshimiwa Dada Mkubwa, Mwenyekiti wa Kamati ya Familia ya Kutunza Gari la Marehemu Baba.

YAH: KUPINGA UFUNGUO WA GARI KUHAMISHIWA KWA SHEMEJI

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye pia ni dada yangu wa tumbo moja, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu nimejaribu kukupigia simu nikashindwa. Si kwamba hupokei. Unapokea vizuri kabisa, ila unaongea bila kuweka mkato, na kila nikijiandaa kuingia kwenye mazungumzo nakuta umeshaaga. Karatasi ina heri yake, haikatizi mtu. Naomba uisome barua hii mpaka mwisho ukiwa umekaa, miwani ikiwa puani, na Shemeji akiwa chumba kingine.

Utakumbuka kwamba baada ya msiba wa Baba ulitukalisha sebuleni, mimi na kaka yetu wa katikati, ukapitisha azimio. Ulilipendekeza wewe, ukaliunga mkono wewe, na makofi akapiga Shemeji. Azimio lilisema gari la Baba libaki hapa nyumbani mikononi mwangu, niwe nampeleka Mama kliniki, kwako, na kokote atakako, kwa sharti moja tu: lisibadilishwe sura. Rangi ibaki ileile ya chai iliyozidi maziwa, viti vibaki vilevile, na hata kile kibandiko kilichochanika kwenye kioo cha nyuma kisiguswe. Nilikubali huku nalia. Nasisitiza kwamba nililia, kwa sababu nyinyi wengine mlidhani ni mafua.

Jumapili iliyopita ulikuja kukagua. Ulipanda viti vya nyuma pamoja na Mama, Shemeji akakaa mbele, nikawapeleka mjini na kuwarudisha salama. Ukashuka, ukalizunguka gari mara mbili kama mteja anayetafuta kasoro kwenye nguo ili apunguziwe bei, halafu ukasema maneno ambayo mpaka leo hayajanishuka kooni: "Sijui ni nini, lakini hili siyo gari la Baba." Ukaondoka. Kesho yake nikasikia, tena si kwako bali kwa kaka, kwamba Jumapili hii kamati inakutana kuchukua ufunguo, ili gari likapumzishwe kwenye stoo ya Shemeji ya vifaa vya ujenzi, katikati ya mifuko ya saruji, chini ya turubai.

Mheshimiwa, napinga. Sababu zangu nimezipanga hapa chini, nzito kwanza na nzito zaidi baadaye.

1. Nimehukumiwa bila kielelezo.

Hata mwizi wa kuku, Dada, huonyeshwa manyoya kabla ya kupigwa. Wewe ulikagua taa, ukakagua bampa, ukafungua buti ukanusa, ukamwita Shemeji naye akanusa, na wote wawili mkatoka mikono mitupu. Pale ukutani kwako kuna picha ya Baba akiwa amesimama kando ya gari hili, mkono juu ya boneti. Ichukue hiyo picha, uje nayo, uilinganishe na gari lilivyo leo. Hutaona tofauti yoyote isipokuwa kwamba Baba hayupo.

Sasa mtu anahukumiwaje kwa "sijui ni nini"? Mimi nikiletewa suruali hapa dukani ikiwa na "sijui ni nini," humwambia mwenyewe aende akapunguze kula, kisha arudi tuzungumze.

2. Kosa si langu, kosa ni la upepo.

Kwenye kikao chochote cha haki, upepo ungeitwa kwanza. Gari la Baba lilichorwa na watu ambao, kwa mtazamo wangu, hawakuwahi kutoka nje siku ya upepo. Uso wake umesimama wima kama kabati la vyombo. Tukifika barabara kuu lilikuwa haliendi, lilikuwa linasukumana. Upepo unalikamata kifuani, unaingia kwenye meno ya mbele, unaipekua injini, unashuka tumboni, unahangaika na kila bomba unalolikuta, kisha unatoka nyuma bila hata kuaga. Baba aliyavumilia hayo kwa sababu ukimwambia jambo kuhusu gari lake alikuwa anaongeza sauti ya redio.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kuhakikisha kitu kinamkaa mwenye nacho, na nikiwa pale kwenye usukani nilihisi waziwazi kwamba gari limepwaya. Limepwaya, Dada, kama suruali ya kuazima. Kila tulipomleta Mama kwako tulijaza mafuta tukija, tukajaza tena tukirudi, na wifi yako alikwisha kuanza kusema kwamba kwa mwendo huu ni afadhali tumbebe Mama mgongoni.

3. Natuhumiwa kubadilisha, wakati nilichofanya ni kutia bitana.

Hapa naomba kamati itulie. Mteja anakuletea koti la babu yake. Hataki libadilike hata kifungo, lakini likivaliwa linavuta mabegani na linaingiza baridi. Fundi mwaminifu hagusi nje. Analigeuza ndani nje, analitia bitana, analirudisha, na mwenyewe anatoka amenyooka akidhani ni yeye ndiye amepata afya. Usione vyaelea, vimeundwa.

Ndivyo nilivyofanya. Fundi makanika wa pale kona, yule anayelijua gari hili tangu enzi za Baba, alinilaza chini ya gari akanimulikia tumbo lake kwa tochi. Mabomba, mbavu, mashimo, na tope la miaka. "Upepo wote unakwama huku," akaniambia, "na wewe kutwa unang'arisha boneti." Niliona aibu kwa niaba ya ukoo. Watu tunaheshimika, tunavaa vizuri, na kumbe chini gari letu liko uchi.

Basi nikatafuta bati jembamba la alumini. Nikachora kwanza kwenye karatasi kama ninavyochora koti, nikakata, nikaacha tundu la kumwagia oili na nafasi ya bomba la moshi kupumua, tukalifunga kwa skrubu kuanzia nyuma ya bampa hadi chini ya miguu ya dereva. Ukisimama hulioni. Ukipiga magoti hulioni. Ukilala kifudifudi hulioni mpaka uingize kichwa, na sidhani kama yupo mtu mwenye sababu ya heshima ya kuingiza kichwa chini ya gari la marehemu.

4. Kazi ndogondogo zimefanywa kosa kubwa.

Nazitaja zote kwa hiari yangu ili Shemeji asije akajisifu kwamba amezigundua. Nyuma ya meno ya mbele nimeweka kibati cheusi kinachoziba nusu ya nafasi. Rejeta imebakiziwa haki yake na haijawahi kulalamika. Springi za mbele nimezishusha upana wa kidole, kwa hiyo gari linainamisha kichwa kidogo, jambo ambalo kwa kitu cha umri ule ni adabu tu. Chini ya bampa nimepitisha utepe wa mpira mweusi, kama kidevu, ili upepo usiendelee kuchungulia tumboni. Vifuniko vya magurudumu ni vilevile vya Baba, ila nimeziba matundu yake kwa ndani. Nyufa zote pia, kuanzia ule mwanya wa boneti hadi kingo za taa na milango, nimezishindilia mpira mwembamba kwa kisu butu cha wifi yako, ambaye bado anakitafuta na ningeomba usimwambie.

Matokeo yake ni haya. Ndani ya gari pametulia, zile kelele zimekwisha, Mama akikohoa nyuma namwambia pole bila kugeuka. Mafuta tunayojaza hapa yanatufikisha kwako na kuturudisha, tena tukipitia sokoni. Kwenye familia nyingine ningechinjiwa jogoo. Kwetu naitiwa kikao.

5. Shemeji amenichafulia jina kuhusu suala la nyuzi.

Suala lenyewe ni hili. Upepo hauonekani, kwa hiyo ukitaka kujua unapita wapi lazima uuvishe kitu. Nilikata nyuzi nyekundu urefu wa kidole, nikazibandika kwa gundi ya karatasi kwenye paa, boneti na milango, gari zima. Uzi ukilala, upepo unapita kwa adabu. Uzi ukizunguka, pale kuna ugomvi. Mimi nikaendesha, na wifi yako akapakiwa nyuma ya pikipiki ya jirani ili atufuate na kutazama nyuzi. Kwa kuwa alivaa kofia ngumu na sauti haikutoka, tulikubaliana ishara: akiinua mkono ni paa, akipiga paja ni mlango, akijishika kichwa ni pabaya kila mahali. Mwenye lori mmoja alidhani anasimamishwa, akasimama. Tukamweleza. Akashuka, akalitazama gari lote kwa makini, na yeye ndiye aliyetushauri kuhusu kingo za taa.

Shemeji akapita na pikapu yake ya saruji. Hakusimama, hakuuliza. Mpaka jioni habari ilikuwa imefika kwa kaka, kwa mjomba, na kwa yule mama wa genge la mboga, kwamba gari la marehemu limeota nywele na kitinda mimba wake amepewa masharti na mganga. Wateja wangu wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ambaye nguo ndiyo kazi yangu ningepaswa kumjua Shemeji mapema. Naomba asahihishe taarifa hiyo kwenye kundi la simu la familia, kwa maandishi, bila zile picha zake za kucheka.

6. Abiria wa familia hii wanaiharibu kazi.

Gari likishakuwa sawa, kasoro zinazobaki ni binadamu. Shemeji, kwa mfano, hawezi kupanda gari bila kutoa kiwiko dirishani. Kiwiko kile, Mheshimiwa, nimekipima kwa macho, na ni sawasawa na kupachika sufuria mlangoni. Wewe mwenyewe Jumapili iliyopita mtandio wako ulibanwa na mlango, ukapepea nje kutoka hapa hadi mjini, na uliposhuka na pindo lenye vumbi ukanitazama mimi. Kaka wa katikati ndiyo usiseme. Kila akija kuazima gari anafunga godoro juu. Godoro, Dada, kwenye paa ambalo nimelisomea kwa nyuzi.

Kwa hiyo napendekeza kanuni. Vioo vifungwe tukiingia barabara kuu. Mitandio, viwiko na maoni vibaki ndani. Mizigo yote iende kwenye buti au itumwe kwa lori. Na mjomba wetu mwenye kitambi ateuliwe kuwa abiria wa kudumu wa kiti cha mbele, kwa sababu akikaa pale pua ya gari inashuka upana wa kidole kingine, tena bila gharama ya springi. Nimeshamdokezea. Aliuliza kama kutakuwa na chakula njiani, nikamjibu kwamba kitaalamu ni lazima kiwepo.

7. Turubai ni tusi.

Nyinyi mnasema mnalihifadhi. Turubai ni nguo mbaya kuliko zote duniani. Haina kipimo, haina pindo, haina shingo, na ukiiwekea upepo kidogo tu inapiga kelele kama watu wanaogombania urithi. Ile stoo ya Shemeji mlango wake una mwanya chini ambao paka anapita akiwa amesimama. Upepo utaingia kila siku, utalipiga gari letu, na lenyewe halitaweza hata kusogea. Gari ambalo limejifunza uzeeni kupishana na upepo kistaarabu leo hii livishwe gunia. Shemeji anapenda kusema mwenda pole hajikwai. Ni kweli, na anayewekwa stoo hajikwai kabisa.

Na Mama je? Nimeambiwa Shemeji atakuwa anatuma pikapu siku za kliniki. Mama, na magoti yake yale, apande pikapu ya saruji, ashuke hospitali akiwa mweupe kama aliyeoka mikate. Umwambie mwenyewe jambo hilo, mimi sitakuwepo.

Hapohapo nalalamika pia kuhusu Mama. Yeye ndiye shahidi wangu mkuu, ndiye anayelipanda gari kuliko mtu yeyote, na amekataa kunitetea. Nilimuuliza kama ataiambia kamati kwamba gari sasa ni zuri kuliko zamani. Akasema, "Linakwenda vizuri, mwanangu," akaendelea kuchambua maharage. Nikamwomba aseme hivyohivyo Jumapili mbele yako. Akasema tutaona. Tutaona ya Mama sote tunaijua, tumelelewa nayo.

8. Kamati inakutana kabla kazi haijakamilika.

Hili ndilo linalonikera kitaalamu. Upepo ukishapita juu ya paa, unafika nyuma unakuta gari limekatwa ghafla, unaanguka, na ukianguka unalivuta gari shati. Dawa yake ni mkia. Nimeshaushona. Ni wa kitambaa kigumu, rangi ileile ya chai iliyozidi maziwa, una mbavu za waya, na unafungwa kwa zipu. Nilimpelekea fundi makanika aone, akanishika bega.

Najua utasema mkia unabadilisha sura. Hapana. Tutaufunga tukishampita mtu wa mwisho aliyemfahamu Baba, na tutaufungua kabla ya kufika kwa mtu wa kwanza anayekufahamu wewe. Katikati hapo watakaouona ni watu tusiowajua, na azimio la familia haliwahusu. Kamati ikiupitisha mkia, nitawasilisha awamu ya tatu, ambayo ni lango la nyumba, kwa kuwa nalo limesimama wima bila sababu na kila likifunguliwa linabishana na upepo. Awamu ya nne ni ile kofia ya Shemeji. Michoro iko tayari, vipimo vya kichwa nilivichukua siku ya harusi yenu nikaviweka.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hoja zimekwisha. Linalobaki halina namba.

Tulipokuwa watoto, ndani ya gari lile wewe ulikaa dirishani, kaka akakaa dirisha la pili, na mimi mkanikalisha katikati, pale penye nundu, miguu haina pa kwenda. Wewe Baba alikufundisha kuendesha. Kaka alimwachia aoshe na kusogeza gari uani. Mimi aliniambia ngoja ukue, na nilipokua akaugua. Sijawahi kugusa usukani wa lile gari naye akiwa pembeni, hata siku moja. Ufunguo unaoutaka ndicho kitu cha kwanza cha Baba kilichofika mkononi mwangu bila kupitia kwenu kwanza. Kila skrubu niliyokuwa nafunga kule chini nilikuwa naona kama tunafanya kazi wote wawili, yeye ananishikia tochi. Nikinyang'anywa nitaumia, Dada. Nakuambia wazi ili usije ukadhani ni mafua tena.

Kwa hayo naomba ufunguo ubaki kwangu, nipewe pongezi kwa maandishi, na mkia uruhusiwe.

Msalimie Shemeji pamoja na kiwiko chake. Wasalimie watoto, umwambie yule mkubwa sketi yake ya shule iko tayari na nimeacha pindo la kutosha kwa sababu naona anarefuka kwa fujo. Ukimwona mjomba mwambie asipungue. Kaka msalimie, godoro lake usilisalimie. Wifi yako anakuamkia na anauliza kama siku ile hukuona kisu chake popote. Mama naye anakusalimu, ingawa sijamuuliza, lakini angeulizwa angesema hivyo.

Nabaki kuwa mdogo wako wa mwisho, mtiifu kadiri ninavyoweza,

Fundi Cherehani,
Mtunza Ufunguo (kwa sasa).

N.B. Nilikuwa nimeshabandika bahasha. Nimeifungua tena.

Nilimsomea Mama barua hii yote, nikitaka angalau yeye aone jinsi nilivyoonewa. Alicheka tulipofika kwa mwenye lori, akacheka kwa mjomba mpaka akafuta macho. Nilipomaliza akaniuliza ule mluzi nimeupeleka wapi. Nikamuuliza mluzi gani. Akasema mluzi wa gari.

Dada, mimi nilikuwa sijui. Unakumbuka Baba akifika kule juu ya mteremko, penye tangi la maji, alikuwa anatoa gia na kuzima injini ili aokoe mafuta, gari linashuka lenyewe mpaka getini. Nami nafanya hivyohivyo, bila kufikiri. Kumbe injini ikishazimwa, upepo uliokuwa unapita kwenye ule mwanya wa boneti ulikuwa unapiga mluzi, na Mama akiwa jikoni aliusikia tangu kule juu. Akiusikia anabandika chai. Miaka yote ile Baba anaingia anakuta chai inachemka, na Mama anasema alikufa akiamini kwamba ana bahati.

Baada ya msiba aliendelea kuusikia kila nikirudi. Alijua ni mimi ninayeendesha. Akili zake ziko sawa, hilo alilisema kabla sijauliza. Lakini kuanzia pale kwenye tangi hadi geti lifunguliwe, alisema, kulikuwa na kitambo kidogo ambacho Baba yenu alikuwa bado anarudi nyumbani. "Sasa hivi sisikii kitu," akaniambia. "Unatokea tu mlangoni, na ni wewe."

Hakusema kwa kunilaumu. Aliona nimeifurahia kazi yangu, ndiyo maana hakutaka kusema kabisa.

Kwa hiyo ulikuwa sahihi, Mheshimiwa. Hukukiona kwa sababu ulikitafuta kwa macho, na wewe umekulia jikoni mle kuliko sisi wote. Barua hii yote hapo juu ihesabike haikuandikwa. Mpira wa boneti nimeung'oa wote, hakikubaki hata kipande, na mkia nimeufumua. Ufunguo kamati iuamue itakavyo, sitabisha.

Ila naomba jambo moja. Jumapili uje mapema, umwache Shemeji sebuleni, ukakae na Mama jikoni. Mimi nitatoka na gari, nitazunguka, nitarudi, na kule juu penye tangi nitazima injini. Usiongee, Dada. Sikiliza tu.